Wajumbe Wadogo wa Mwilini: Jinsi Chembe za Mionzi Zinavyofichua Njia za Saratani

Tangu zama za mpasuaji William Halsted wa Baltimore, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, hadi siku ambazo watu wengi walio hai wanazikumbuka, mwanamke aliyepatikana na saratani ya titi aliingia katika chumba cha upasuaji akiwa na dhiki moja na aghalabu alitoka akiwa na mbili. Kwani mpasuaji hakuridhika kuondoa titi peke yake, bali alipeleka kisu hadi kwapani na kuzoa tezi zote alizoweza kuzifikia, 10, 20 au zaidi, kwa kuhofu kwamba huenda mojawapo imekwisha kuingiwa na maradhi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Tezi za kwapa ndizo vituo vya kwanza vya limfu, yale maji meupe yatokayo titini, na saratani inapoanza kuhama mara nyingi hupita njia hiyo hiyo. Taksiri ya mpasuaji haikuwa ya moyo wala ya mkono, ilikuwa ya jicho: miongoni mwa tezi zote zile hakuweza kujua ni ipi iliyokaa mlangoni.

Gharama ya kutojua ililipwa na mkono wa mgonjwa. Njia za limfu zikikatwa maji hukosa pa kupita, nayo hutuama, na mkono huanza kuvimba taratibu, pengine miezi na pengine miaka baada ya kidonda kupona. Bangili iliyokuwa ikiingia bila taabu haipiti tena kwenye kiganja; mkono wa gauni hubana; ndoo ya maji, unga wa kukanda, mtoto wa kupakata, vyote huwa mzigo juu ya mzigo. Na wako wanawake wengi ambao tezi zao zilipochunguzwa baadaye maabara hazikuonekana kuwa na saratani hata kidogo. Hao walipoteza afya ya mkono kwa ajili ya adui ambaye hakuwapo.

Makala hii yahusu elimu iliyokuja kuwaokoa wanawake kama hao: elimu ya kutengeneza chembe ndogo zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida, kuzivika mionzi, na kuzituma mwilini ziende zikaulize njia kabla kisu hakijanyanyuliwa. Chembe hizo nitaziita wajumbe, maana kazi yao ni ya ujumbe hasa, nao hupimwa kwa sifa tatu apimwazo mjumbe yeyote mwaminifu: kwamba amefika alikotumwa, kwamba amesema alichokikuta, na kwamba baada ya hapo ameondoka asiwe mzigo kwa mwenyeji wake.

Asubuhi moja ya kazi

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu, kama inavyofanyika asubuhi katika hospitali yenye idara ya tiba ya nyuklia. Katika chumba kidogo ambacho meza zake zimekingwa kwa madini ya risasi kuna chombo kizito chenye ukubwa wa ndoo. Ndani yake mna mrija uliojazwa unga wa alumina, na katika unga huo imeshikamana molibdeni-99, metali yenye mionzi, ambayo usiku na mchana huoza polepole na kuzaa teknetiamu-99m. Mfamasia hupitisha maji ya chumvi katika mrija ule. Molibdeni hubaki imeng'ang'ania pale pale, lakini teknetiamu hutoka pamoja na maji, meupe na safi kama maji ya kisima, wala hakuna jicho liwezalo kutambua kwamba yana mionzi. Wataalamu wenyewe hukiita chombo hicho ng'ombe, na kazi hiyo kukamua, na jina limekaa sawa. Kwani akikamuliwa leo asubuhi, kesho kiwele kimejaa tena, na huendelea hivyo kwa muda wa wiki moja hivi hata nguvu zake zipungue mno.

Maji hayo hutiwa katika kichupa chenye unga mkavu wa albumini, ambayo ni protini ya damu ya binadamu iliyofanywa kuwa chembe ndogo mno, takriban zote zikiwa na upana usiofika nanomita 80. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita, na unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita makumi ya maelfu. Kichupa hutikiswa kwa upole na kuachwa kitulie. Teknetiamu hushikamana na albumini, na mjumbe huwa tayari kwa safari.

Mgonjwa hulala chali. Sindano nyembamba hupeleka dawa hiyo, ambayo ujazo wake haufiki mililita moja, kando ya uvimbe au pembezoni mwa chuchu; huchoma kwa nukta chache kisha maumivu hutulia. Baada ya hapo ni kungoja. Chembe hizo ni kubwa mno kuweza kupenya kuta za mishipa midogo ya damu, lakini ni ndogo kiasi cha kuingia katika mifereji ya limfu, na kwa sababu hiyo hufuata mkondo ule ule ambao saratani, kama imehama, ingeufuata. Zinapofika katika tezi ya kwanza, seli za ulinzi huzimeza kama zinavyomeza vijidudu, zikatulia humo. Kamera ya gama iliyosimamishwa juu ya kifua huonyesha doa moja jeusi upande wa kwapa, na mtaalamu huweka alama ya wino juu ya ngozi mahali hapo.

Katika upasuaji, mpasuaji hushika kifaa mfano wa kalamu nene ambacho hulia kila kinapopigwa na mionzi. Hukipitisha kwapani taratibu: mlio wa kwanza ni wa nadra, kisha huzidi, kisha huwa mfululizo usiokatika, na hapo ndipo anapokata. Hutoa tezi moja, mbili au tatu, zikapelekwa maabara kuchunguzwa. Zikikutwa safi, kwapa lililobaki huachwa kama Mungu alivyoliumba.

Njia hii ilifunguliwa na watu wengi, lakini majina mawili yanastahili kutajwa. Mwaka 1992 Donald Morton wa California alionyesha, kwa kutumia rangi ya buluu, kwamba saratani ya ngozi iitwayo melanoma inayo tezi yake ya mlangoni. Na mwaka 1993 David Krag na wenzake walitangaza kuwa wameitafuta tezi ya aina hiyo katika saratani ya titi kwa chembe za teknetiamu. Kisha ukaja wakati wa kupima, maana katika tiba jambo zuri si hakika mpaka limepimwa. Huko Uingereza, katika jaribio la wanawake 1,031 lililotangazwa mwaka 2006, baada ya mwaka mmoja asilimia 13 ya waliozolewa tezi walikuwa na uvimbe wa mkono, hali miongoni mwa waliotafutiwa tezi ya mlangoni ilikuwa asilimia 5. Na mwaka 2010 jaribio la Marekani lililowachukua wanawake 5,611 lilibainisha kwamba mwanamke ambaye tezi yake ya mlangoni ni safi haishi muda mfupi zaidi kwa sababu tezi nyingine zimeachwa. Kwa hiyo mkono uliokolewa, na uhai haukupungua.

Kushindwa kulikozaa elimu

Asili ya wajumbe hawa ni kushindwa kwa kijana mmoja. Mwaka 1911 George de Hevesy, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa katika maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester, na mkuu wake alimpa kazi iliyoonekana kuwa nyepesi: kuitenga na risasi ya kawaida ile dutu yenye mionzi ambayo siku hizo iliitwa radiamu D. Kijana alijitahidi kwa kila hila ya kemia aliyoijua, akashindwa. Na haikuwa ajabu, kwa kuwa radiamu D ni risasi yenyewe, ila ni risasi yenye mionzi, na kemia haina mkono wa kutenganisha vitu viwili vilivyo kimoja. Mwingine angalikata tamaa. Hevesy aliipindua aibu ile ikawa maarifa: ikiwa dutu hizi mbili haziachani kamwe, basi kidogo cha ile yenye mionzi, kikichanganywa na nyingi ya ile ya kawaida, kitafuatana nayo kila iendako na kutoa habari zake. Husimuliwa pia kwamba wakati huo aliushuku ukweli wa mwenye nyumba aliyempangisha, kuwa masalio ya nyama ya Jumapili hurudishwa mezani siku za baadaye, naye akatia chembe ya mionzi katika masalio yake, akalibainisha jambo kwa kipimo. Mwaka 1923 aliinywesha mimea ya maharagwe maji yenye risasi ya mionzi na kuifuatilia toka mizizini hadi majanini. Kwa kazi hizo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943.

Teknetiamu nayo ina kisa chake. Mwaka 1937 Emilio Segrè na Carlo Perrier, mjini Palermo katika kisiwa cha Sisilia, waliikuta katika bamba la molibdeni lililopigwa kwa saiklotroni, yaani mashine ya kuharakisha chembe za atomu, ya Berkeley, Marekani, na kuletwa kwao. Ikawa elementi ya kwanza kutengenezwa na mwanadamu. Miaka 20 baadaye maabara ya Brookhaven, New York, ilibuni yule ng'ombe wa kukamuliwa, na tangu hapo teknetiamu-99m imekuwa kipenzi cha tiba ya nyuklia kuliko dutu nyingine yoyote ya mionzi. Sababu yake ni kiasi: nusu ya mionzi yake hutoweka kila baada ya saa 6, muda utoshao kupiga picha, wala hautoshi kumdhuru mgonjwa. Wazee wetu wamesema mjumbe hauawi. Lakini mjumbe wa mionzi sharti afe, tena afe kwa wakati wake, na hiyo ndiyo rehema yake. Mionzi aipatayo mwanamke katika kipimo cha tezi ya mlangoni haifiki milisiviati 1 (milisiviati ni kipimo cha mionzi iupatayo mwili), nayo dunia yenyewe, kwa udongo wake, hewa yake na anga lake, humpa kila mwanadamu wastani wa milisiviati 2.4 kwa mwaka.

Katika miaka ya 1950, kabla ya teknetiamu kuenea, matabibu walikuwa wakidunga chembe laini za dhahabu yenye mionzi katika damu ili kulitazama ini. Seli za ulinzi zilizo katika ini huzimeza chembe hizo, basi ini zima huonekana liking'aa, ila mahali penye uvimbe wa saratani, ambapo seli hizo hazipo, hubaki giza. Ajabu ya picha hiyo ni kwamba maradhi yalitambulikana kwa kukosekana, kama pengo la jino linavyotambulikana katikati ya meno mazima. Na faida nyingine ya kisa hiki ni kwamba chembe zile zilikuwa za nanomita tangu hapo. Neno nanoteknolojia lenyewe lilitungwa na Norio Taniguchi wa Japani mwaka 1974, wakati matabibu walikuwa wamekwisha kuzitumia chembe kama hizo zaidi ya miaka 20. Elimu ilitangulia, jina likafuata.

Ukubwa ndio hukumu

Kisa cha dhahabu kinatufundisha pia ugumu ulio mkubwa kuliko wote katika elimu hii. Ini lipo kulinda damu, na kila chembe ngeni ipitayo humo huhesabiwa kuwa adui mpaka ibainike vingine. Pamoja na wengu, ni polisi asiyelala. Ikiwa mjumbe ametumwa kwenye uvimbe wa mapafu au wa ngozi naye akakamatwa inini, ujumbe umepotea, na zaidi ya hayo ini limetwishwa mionzi isiyo yake. Njia ya kutokea iliyo salama ni figo na mkojo, lakini figo nazo zina kichujio chenye matundu ya kadiri maalumu. Mwaka 2007 wanasayansi wa Boston, kwa kuwapima panya, waliipata kadiri hiyo: chembe yenye upana usiozidi nanomita 5.5 hivi hutoka kwa mkojo upesi, na iliyozidi sana hapo hubaki. Kwa hiyo tofauti ya nanomita moja mbili, ambayo ni kama si kitu, ndiyo hukumu baina ya mjumbe aondokaye na mjumbe akaaye.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya Ulrich Wiesner wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York. Yeye na wenzake walitangaza mwaka 2005 chembe za silika, dutu ile ile ifanyayo mchanga wa pwani, zenye rangi ya kung'aa iliyofungiwa katika kiini chake. Na kwa kushirikiana na Michelle Bradbury, tabibu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering mjini New York, walizipunguza hata zikawa na upana wa nanomita 6 au 7 pamoja na vazi lake. Chembe kama hizo 1,000 zikipangwa bega kwa bega hutosha kukata upana wa seli moja nyekundu ya damu. Vazi lenyewe ni nyuzi laini zinazoificha chembe isitambuliwe na walinzi, na juu ya vazi hilo wamepachika vipande vidogo vya protini vinavyoshikana, kama ufunguo na kufuli, na kipokezi kipatikanacho kwa wingi juu ya seli za melanoma na juu ya mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe. Mwisho waliziwekea aidini-124, ambayo nusu yake huisha kwa siku 4 na kidogo, nayo huonekana kwa kipimo cha PET, yaani picha ionyeshayo mahali mionzi inapotoka ndani ya mwili.

Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliruhusu chembe hizo zijaribiwe kwa binadamu, na mwaka 2014 matokeo ya wagonjwa 5 wa kwanza wenye melanoma iliyosambaa yalitolewa. Hawakudhurika, chembe zilibaki nzima katika damu, hazikuvunjika na kuiacha aidini itangetange, na njia yake kubwa ya kutokea ilikuwa figo, kama ilivyokusudiwa. Baadaye chembe za jamii hiyo zilitumika katika upasuaji wa melanoma ya kichwa na shingo, ambako mishipa na neva zimesongamana kama mizizi ya mkoko, na tezi ya mlangoni iling'aa mbele ya kamera ya mpasuaji. Watu watano ni wachache, wala sitaki msomaji adhani kwamba dawa hii i tayari dukani. Lakini hapo ilidhihirika mara ya kwanza kwamba mjumbe wa nanomita, aliyebuniwa kwa hesabu toka kiini hadi vazi, aweza kuingia mwilini, kusema, na kutoka.

Ahadi, na mizani ya ahadi

Lazima niseme sasa jambo ambalo wapigao mbiu ya nanoteknolojia hulipita kwa haraka. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe ina nyufa, kwa kuwa imejengwa kwa pupa, na kwamba chembe kubwa kiasi hupenya nyufa hizo zikabaki humo. Ugunduzi huo ulizaa matumaini makubwa, na kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba inatosha kutengeneza chembe ya kadiri fulani nayo itajiendea yenyewe kwenye saratani. Kisha mwaka 2016 Warren Chan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya tafiti za miaka 10 iliyotangulia, zilizofanywa kwa wanyama wa maabara, wakapiga hesabu ya kiasi kifikacho. Jawabu lilikuwa asilimia 0.7 katika utafiti wa kati. Katika chembe 1,000 zilizotumwa, 7 ndizo zilizofika katika uvimbe.

Wako waliovunjika moyo kwa hesabu hiyo. Mimi naiona kuwa ni hoja yenye nguvu kuliko zote kwa ajili ya mionzi. Kwa maana chembe isiyo na alama, ikipotea, hupotea kimya, na tabibu huendelea kumpa mgonjwa dawa akidhani inafika. Bali chembe yenye mionzi, maadamu alama yake haijabanduka, haiwezi kusema uongo, maana mionzi huhesabika, na hesabu yake hueleza ni sehemu gani ya dozi imeingia katika uvimbe, ipi imekamatwa inini na ipi imetoka. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya wagonjwa 19 wa saratani ya titi iliyosambaa, waliopewa dawa ya saratani iliyofungwa katika vifuko vya mafuta vya nanomita, navyo vikawekewa shaba-64, yaani shaba yenye mionzi. Picha zilionyesha tofauti kubwa baina ya mgonjwa na mgonjwa, na hata baina ya uvimbe na uvimbe katika mwili mmoja, na wale ambao vifuko viliingia zaidi katika uvimbe wao walielekea kupata nafuu ya muda mrefu zaidi. Dawa yenyewe haikufanikiwa. Jaribio lake kubwa lilisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2016 ilipoonekana kwamba haiyashindi matibabu yaliyokuwapo. Lakini picha ziliacha somo ambalo halikufa pamoja na dawa: wagonjwa wenye maradhi ya jina moja hawana mwili mmoja, na ni adili kuuliza kwanza kama dawa itafika kabla ya kumtwisha mtu madhara yake.

Saa ya mionzi na barabara zetu

Nasi wa Afrika Mashariki tumesimama wapi? Si mbali kama wengi wanavyodhani. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam inayo huduma ya tiba ya nyuklia, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilizindua mwaka 2018 kipimo cha PET pamoja na saiklotroni yake. Katika bara hili hili, Pelindaba, karibu na Pretoria, upo mtambo wa SAFARI-1 uliowashwa mwaka 1965, nao ni miongoni mwa mitambo michache duniani inayoupatia ulimwengu molibdeni-99. Kwa hiyo ng'ombe yule wa kukamuliwa ana zizi lake Afrika.

Lililo gumu kwetu ni saa, kwa kuwa bidhaa hii haiwekwi ghalani. Molibdeni-99 hupungua nusu kila saa 66. Shehena ikikwama uwanja wa ndege siku mbili na robo tatu, kwa karatasi iliyokosa muhuri au afisa aliyekwenda likizo, nusu ya mali imekwisha kabla kifuniko hakijafunguliwa. Fluorini-18, itumikayo katika vipimo vingi vya PET, ina haraka zaidi: nusu yake huisha kwa dakika 110. Ikitoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara, mwendo wa kilomita 480 hivi, ikachukua saa 8, itakayofika ni sehemu moja katika 20. Ikipanda ndege ya saa moja, zaidi ya nusu itafika. Ziko dutu zenye subira, kama zirkoniamu-89 ambayo nusu yake hukaa takriban siku 3 na robo, nazo zinafaa kwa chembe za nanomita zinazozunguka katika damu siku nyingi. Lakini subira hiyo ina bei, kwani kinachokawia kufa chupani hukawia kufa mwilini pia. Hapa ndipo ukubwa wa chembe na umri wa mionzi vinapokutana: mjumbe aondokaye upesi apewe mionzi ya muda mfupi, na mjumbe wa safari ndefu apewe mionzi ya kumfikisha, wasipishane.

Kutokana na hayo naona kwamba mashine si mwanzo wa jambo hili wala mwisho wake. Mashine hununuliwa kwa siku moja na kuzinduliwa kwa utepe. Lakini mfamasia wa dawa za mionzi, mwanafizikia wa tiba, muuguzi ajuaye kuishika sindano ile, na mpasuaji aliyefundishwa kuusikiliza mlio wa kifaa chake, hao huchukua miaka kupatikana, na bila wao kamera ya gama ni kabati la chuma. Wenye mamlaka watakaosomesha watu hao, na kuweka utaratibu wa forodha unaotambua kwamba molibdeni haingoji, watakuwa wamewafanyia wagonjwa hisani kubwa kuliko mnunuzi wa mashine ya pili. Tena wasingoje chembe za New York. Albumini na teknetiamu, za bei ndogo na zilizokwisha kupimwa kwa maelfu ya wanawake, zinatosha leo kuokoa mikono mingi.

Na kwako, dada, mama au shangazi usomaye, nina neno moja. Mjumbe huyu hufaa zaidi saratani ingali changa, wakati tezi za kwapa hazijavimba. Akichelewa kutumwa hukuta mlango umekwisha kuvunjwa, na kisu hurudia desturi yake ya kale. Ukisikia uvimbe katika titi, hata usiouma, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, na ukiambiwa kuwa utapasuliwa, muulize daktari swali hili kabla hujatia saini: je, tezi ya mlangoni yaweza kutafutwa kwanza? Hata kama jawabu la hospitali yako ni hapana, umelitia swali katika masikio yanayopaswa kulisikia, na mwanamke atakayekuja baada yako huenda akajibiwa ndiyo.